Barua ya wazi kwa National Football Foundation: makocha wa ofensi wapitie mlango gani?

Wakubwa wa National Football Foundation hapo Irving, Texas, shikamooni.

Naandika kwa Kiswahili makusudi na wala siombi radhi, Wakenya na Watanzania hawakosekani Dallas na vitongoji vyake, mkitaka wa kuwasomea mtampata bila shida. Na wengine watakaoisoma hii ni ndugu zetu ambao futiboli ya Kimarekani wakiiona kwenye tivii wanabadilisha chaneli, kwahiyo nikianza kueleza vitu ambavyo nyie mmevijua tangu mko chekechea mnivumilie tu.

Nyie ndo mmeshika funguo za Ukumbi wa Umaarufu (Hall of Fame, wanakoenziwa wachezaji na makocha bora) wa futiboli ya vyuo, ule ambao jengo lake liko Atlanta tangu 2014. Na kwa makocha sheria yenu ni hii: uwe umefundisha kama kocha mkuu angalau miaka 10, mechi zisipungue 100, na uwe umeshinda asilimia 60. Mei 2025 mkatangaza mnashusha, kuanzia 2027 itakuwa asilimia 59.5. Nusu asilimia jamani! Hata mtoto alijua mnamfungulia nani, kocha marehemu Mike Leach ana 59.6, basi mkachukua tupa mkasugua kizingiti mpaka akapita. Nilifurahi, sitaki uongo, mimi shabiki wa chuo cha Texas Tech alikofundisha, na Leach pale Lubbock ni kama mtume fulani hivi. Ila furaha ilipopoa nikakaa nikajiuliza, hivi hawa wazee wamesuluhisha nini hasa? Manake tatizo halikuwa hiyo nusu asilimia, tatizo ni kwamba mnampima kocha wa ofensi (ofensi ndo wanaoshambulia, difensi wanaozuia) kwa kitu ambacho sicho alichokileta duniani.

Tuanze na hesabu yenu wenyewe. Leach alishinda mechi 158 akapoteza 107, jumla 265. Asilimia 60 ya 265 ni 159 kamili. Yaani alipungukiwa na mechi moja, moja tu, katika miaka 21 ya ukocha mkuu. Sasa mnakumbuka Oktoba 4, 2014 kule Pullman? Leach yuko Washington State, wanacheza na California, na kwotabeki wake Connor Halliday (kwa wasiojua, kwotabeki ni yule anayepokea mpira kila mchezo unapoanza na yeye ndo anaamua aurushe kwa nani) anarusha yadi 734 usiku mmoja, hakuna mtu kwenye daraja la juu la vyuo aliyekuwa amewahi kufikisha hapo. Na wakapoteza 60-59. Zimebaki sekunde 15, wako mlangoni kabisa, mtoto wa chuo anapiga teke la yadi 19 ambalo mazoezini wanapiga wakiwa wanapiga stori, likatoka nje.

Lile teke likiingia Leach ana 159 kwa 106, asilimia 60 juu ya alama, hamna mjadala, hamna kikao, hamna kubadilisha sheria. Yaani usiku ambao ofensi yake ilifanya kitu ambacho haijawahi kufanyika ndo usiku uliomfungia mlango, na aliyeufunga sio yeye, ni kiatu cha mwanafunzi. Mimi ningekuwa kwenye kamati yenu hiyo mechi peke yake ingenitosha kuona kuna kitu hakiko sawa kwenye mizani.

Na mje muone alikuwa anafundisha wapi. Texas Tech iko Lubbock, huko magharibi kwenye vumbi na pamba, vijana wazuri wa Texas wanaenda Austin au wanavuka mpaka kwenda Oklahoma. Washington State iko Pullman, mji mdogo katikati ya mashamba ya ngano, Mississippi State wako Starkville, wanaamka kila Jumamosi kupigana na Alabama na LSU na wengine wa mkoa ule. Hakuwahi kukabidhiwa timu ambayo imeshajaa vipaji. Mwaka 1999 tu alikuwa Oklahoma, na alikuwa koodineta wa ofensi, yaani msaidizi anayepanga mashambulizi, chini ya kocha mkuu Bob Stoops, mwaka mmoja akaondoka, akamwachia Stoops kwotabeki Josh Heupel ambaye msimu uliofuata wakabeba ubingwa wa taifa. (Mwaka huohuo wa 1999 ndo ile hadithi ya kuangusha karatasi feki ya pleyi (mipango ya mashambulizi) uwanjani ili Texas waiokote, wakaiokota kweli, Oklahoma wakaongoza 17-0. Halafu wakapoteza 38-28, eti karatasi ilikuwa imeisha. Huyo ndo Leach.)

Lubbock kakaa miaka 10 na hakuna msimu hata mmoja aliopoteza zaidi ya alivyoshinda, 84 kwa 43. B.J. Symons alianza msimu mmoja tu, 2003, akarusha yadi 5,833, rekodi iliyokaa mpaka 2021. Desemba 2006 wako nyuma 38-7 dhidi ya Minnesota, robo ya tatu hiyo, watu wameshaanza kutafuta funguo za magari, wakarudi wakashinda 44-41 kwenye muda wa nyongeza. Na Novemba 1, 2008, Texas anakuja Lubbock akiwa namba 1 nchi nzima, Graham Harrell anamrushia Michael Crabtree pembeni kabisa, imebaki sekunde 1 kwenye saa, 39-33. Sihitaji kuwasimulia, mmeshaiona mara elfu.

Sitamfanya malaika. Desemba 2009 chuo kilimfukuza kwa tuhuma za kumtendea vibaya mchezaji aliyekuwa na mtikisiko wa ubongo, yeye akakana, wakapelekana mahakamani, na mpaka leo pale Lubbock ukiliamsha hilo kwenye meza ya watu watano unapata maoni sita. Mtu aliyekuwa na digrii ya sheria, hajawahi kucheza futiboli ya chuo, anaweza kuulizwa kuhusu mechi akajibu kuhusu maharamia wa baharini dakika kumi. Kichwa kigumu pia. Hayo mkitaka kuyapima pimeni, ni kazi yenu. Ninachosema mimi ni kwamba asilimia haiyapimi hayo, na haipimi hata lile kubwa alilolifanya.

Lile kubwa ni hili. Mwaka 1989 Hal Mumme anapewa timu ya Iowa Wesleyan, kachuo kadogo mji wa Mount Pleasant, Iowa, timu iliyotoka kupoteza mechi zake zote 10. Anamchukua Leach awe msaidizi wake. Wale wawili wakawa wanasafiri kwenda kuangalia wengine wanavyofanya, na zaidi ya wote chuo cha BYU kule Provo, Utah, manake BYU walikuwa wanarusha mpira wakati nchi nzima inakimbia nao. Wakarudi na pleyi chache wakazipunguza tena, wakatawanya wapokeaji wanne uwanjani, wakawaachanisha wale majitu wa mstari wa mbele mpaka kati ya mtu na mtu unapita na ndoo, kwotabeki kakaa nyuma hatua kadhaa anaona kila kitu, hakuna kukusanyika kupanga, mpira ukifa mnaanza tena hapohapo difensi haijavuta pumzi. Kuna pleyi wapokeaji wawili wanakatana katikati ya uwanja karibu wagusane mabega, anayewakaba anagongana na mwenzake, imetoka BYU hiyo, na wale waliirudia mazoezini siku baada ya siku mpaka mtoto wa kawaida kabisa asiye na kipaji cha ajabu anaifanya amefumba macho. Hiyo ndo siri yote. Makocha wengine walikuwa na vitabu vya pleyi mnene kama Biblia, Leach anashika kikaratasi kimoja kilichokunjwa.

Wakaiita Air Raid. Kutoka Iowa wakaenda Valdosta State huko Georgia 1992, kutoka Valdosta wakaenda Kentucky 1997, Leach akiwa koodineta, na Kentucky hiyohiyo ambayo kwenye futiboli ilikuwa ya kutaniwa ikamfunga Alabama mwaka wa kwanza, mara ya mwisho ilikuwa 1922! Kwotabeki wao Tim Couch akachaguliwa wa kwanza kabisa 1999 kwenye drafti ya NFL, pale timu za ligi ya kulipwa zinapogawana vijana wa vyuo.

Na leo? Wafungulieni tivii Jumamosi yoyote. Oktoba 22, 2016 Lubbock, Patrick Mahomes anafikia rekodi ileile ya yadi 734, kocha wake ni Kliff Kingsbury, kwotabeki wa kwanza wa Leach pale pale Tech. Na aliyewafunga siku hiyo 66-59 ni Oklahoma, ambayo ofensi yake inaongozwa na Lincoln Riley, ambaye naye alianzia kwa Leach, na kwotabeki Baker Mayfield ambaye alipitia Tech. Pande zote mbili za uwanja ni wajukuu wa Mount Pleasant, Iowa. Riley kawapeleka watatu kuchukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, Mayfield 2017, Kyler Murray 2018, Caleb Williams 2022. Sonny Dykes, mtoto mwingine wa nyumba hiyo, kafika fainali ya taifa na TCU Januari 2023 (kilichotokea siku ya fainali tusikiseme, 65-7, tuwaachie Georgia). Iowa Wesleyan yenyewe ilifungwa 2023, chuo hakipo tena, ila pleyi zake zinachezwa kila wiki na watoto ambao hata jina la kile chuo hawajawahi kulisikia.

Sasa wakubwa, Hal Mumme yuko wapi kwenye Ukumbi wenu? Hayupo na kwa sheria hii hatakuwepo. Mumme ukijumlisha vituo vyake vyote amepoteza mechi zaidi ya alizoshinda. New Mexico State peke yake ilimmaliza, 11 kwa 38. Na Kentucky aliondoka 2001 kwa aibu, mambo ya usajili yaliyovunja kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, sifichi. Ila nyie mmeshusha kizingiti ili aingie mwanafunzi, na mwalimu aliyekaa naye kwenye gari kuelekea Provo hana hata mlango wa kugonga.

Na hapo Provo kwenyewe walikuwa wanaenda kumwangalia nani? LaVell Edwards kocha mkuu, ndio, na yeye mmeshamuingiza tangu 2004, sawa kabisa, anastahili. Lakini pembeni yake alikuwepo Norm Chow.

Hapa naomba mnipe nafasi kidogo manake huyu mzee ananiuma kuliko wote. Norm Chow, kazaliwa Honolulu 1946, kacheza mstari wa mbele Utah, kaanza kufundisha shule ya sekondari huko kwao Hawaii, 1973 kaingia BYU na akakaa mpaka 1999. Miaka 26! Mtu anakaa sehemu moja anasomesha makwotabeki wa watu, Jim McMahon, Steve Young, Robbie Bosco, Ty Detmer aliyebeba Heisman 1990, na ubingwa wa taifa 1984 humohumo. Najua ofensi ya BYU ilipita mikono mingi, alikuwepo Doug Scovil, alikuwepo Mike Holmgren, sisemi Chow aliijenga peke yake, ila wao walikuja wakaondoka na yeye yupo. Halafu 2000 anahamia North Carolina State, wanampa kijana wa mwaka wa kwanza anaitwa Philip Rivers. 2001 anaenda USC, chuo cha Los Angeles, ambayo ilikuwa imelala, 2002 Carson Palmer anachukua Heisman na Chow mwenyewe anapewa tuzo ya Broyles ya msaidizi bora nchini, 2003 USC wanatajwa mabingwa na shirika la habari la Associated Press, 2004 Matt Leinart anachukua Heisman na wanamfunga Oklahoma 55-19 kwenye fainali. Heisman 3 kwa vijana 3 tofauti kwenye vyuo 2 tofauti.

Halafu akapewa timu yake mwenyewe akiwa na miaka 65. Hawaii, 2012. Pesa hamna, wachezaji wanasafiri masaa matano angani kwenda kucheza mechi ya ugenini, ile ya karibu. Akashinda 10 akapoteza 36, wakamtoa kabla msimu wa 2015 haujaisha. Na kwenye vitabu vyenu huyo ndo Norm Chow, 10 kwa 36, hata miaka 10 ya ukocha mkuu hana. Ile miaka 26 ya Provo haihesabiwi kabisa, ni kama alikuwa likizo.

Mnajua inavyofanana? Msikiti umejengwa miaka mia unasimama, ukutani wameandika majina ya maimamu wote waliosalisha, fundi aliyeusimamisha hajaandikwa kwa sababu siku moja walimwomba asalishe akakosea.

Na msije mkaniambia hiyo asilimia angalau inawabeba washindi. Kocha Howard Schnellenberger ana ushindi 158, hebu rudini juu mkaangalie Leach ana ngapi, 158 vilevile. Yeye kapoteza 151 na sare 3, asilimia 51. Kwa nini? Kwa sababu maisha yake yote aliokota timu zilizokufa. Miami kaikuta taabani, 1983 kaipa ubingwa wa kwanza wa taifa, wamemfunga Nebraska 31-30. Louisville kaikuta hoi, Januari 1991 inampiga Alabama 34-7. Florida Atlantic hakuikuta kabisa, timu haikuwepo, kaianzisha kutoka sifuri akiwa babu. Kila timu aliyoifufua ilimlia asilimia wakati anaifufua. Angekuwa mjanja angekaa Miami akatulia, leo ana sanamu kwenu. Kafariki 2021, na hii 59.5 yenu mpya haimgusi. Lakini inaweza kumgusa Les Miles, kocha wa zamani wa LSU, ambaye timu yake ilifutiwa ushindi 37 ikamshusha chini ya 60 na akawapeleka mahakamani 2024, nyie mkiwemo. Sina ugomvi na Miles, ila angalieni wenyewe: mzani ambao unamfikia mtu kwa sababu NCAA imefuta mechi ambazo watu 90,000 waliziona kwa macho, na haumfikii aliyeanzisha Florida Atlantic, huo mzani unapima nini?

Najua mtakachosema. Mtasema tukiwafungulia wasaidizi watajaa, kila timu ina wasaidizi kumi na wote watasema ile pleyi niliita mimi. Kweli, na hilo ni gumu, pale USC kwenyewe watu waligombania sifa mpaka leo hawaelewani nani alifanya nini. Lakini kuna njia. Wekeni miaka, mtu awe amekuwa msaidizi angalau misimu 20, wachukueni mmoja tu kila mwaka, au hata mmoja kila miaka miwili, waulizeni makocha waliocheza dhidi yake manake wao ndo wanajua walikuwa wanalala saa ngapi wiki hiyo. Wenzenu wa futiboli ya kulipwa kule Canton, Ohio tangu 2022 wana tuzo kwa ajili ya wasaidizi, na jengo halijaanguka. Nyie mna vyuo zaidi ya mia kwenye daraja la juu peke yake na futiboli ya vyuo ndo shamba ambalo hizi ofensi zote zimeota, NFL wanakuja kuvuna tu.

Tena kwa upande wa wachezaji mbona mnaelewa? Mchezaji hamumuulizi timu yake ilishinda asilimia ngapi, mnataka awe amechaguliwa kwenye kikosi bora cha Marekani, basi, hata kama timu yake ilikuwa inapigwa kila wiki anaingia. Yaani mchezaji anapimwa kwa kazi yake, kocha anapimwa kwa jedwali.

Kwahiyo ninachoomba ni hiki, na sio mimi tu, wako wengi wanaosema hivi Lubbock na Provo na Lexington kule Kentucky ila wao hawajui Kiswahili. Leach mwekeni kwenye kura ya kwanza inayowezekana na msimzungushe, mmeshabadilisha sheria kwa ajili yake basi maliziani. Asilimia ibaki kama habari kwa wapiga kura, iandikwe pembeni ya jina, isiwe geti. Na mfungue nafasi ya wasaidizi, Norm Chow awe wa kwanza, Hal Mumme apelekwe mbele ya wapiga kura na kesi yake yote, ya Iowa na ya Kentucky pia, waamue wao.

Na fanyeni haraka. Leach alifariki Desemba 12, 2022 pale Jackson, Mississippi, moyo, ana miaka 61, bado anafundisha, na nyie mkashusha sheria miaka miwili na nusu baadaye. Alikuwa mtu wa kuongea, ile hotuba ya kuingizwa Ukumbini ingeanzia Geronimo ikaishia kwenye ndoa za watu na mngekaa mpaka usiku wa manane, na hamtaisikia. Chow kazaliwa 1946, Mumme 1952, hesabu hiyo mnaiweza bila kikokotoo.

Karatasi ya kura huwa mnaitoa mwanzoni mwa majira ya joto, tutaifungua tuangalie majina.

Ni mimi, shabiki wa Red Raiders wa Texas Tech, Texas.